Miguu ya Baba Mkwe

Siku baba mkwe wangu aliporuhusiwa kurudi nyumbani mara ya kwanza, muuguzi alinifundisha mimi kila kitu. Hilo ndilo lililokuwa kosa, ingawa ilinichukua muda kuliona.

"Wewe ndiye binti yake?" aliniuliza.

"Mimi ni mke wa mwanawe."

"Basi ni binti tu," akasema, akaendelea.

Angekuwa ametoka mbali, ningemsamehe hapohapo. Lakini alikuwa Mgusii kama sisi, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, na alijua vizuri tofauti kati ya binti na mke wa mwana. Alikuwa na haraka. Wodi ilikuwa imejaa, kuna mgonjwa mwingine aliyekuwa akisubiri kitanda akiwa kwenye benchi la korido, na karatasi za ruhusa zilikuwa mkononi mwake. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana sidhani kama ilikuwa mbaya kuliko nyingine. Ilikuwa hospitali ya mjini Kisii, mahali ambapo watu wengi hupona.

Alinieleza kwa Kiswahili kizuri. Moyo wa mzee umelegea kama pampu ya zamani, hausukumi damu inavyotakiwa, kwa hiyo maji yanabaki nyuma. Yakibaki, huteremkia miguuni au huingia kwenye mapafu. Apunguze chumvi. Asinywe vinywaji kupita kiasi. Apimwe uzito kila asubuhi kabla ya kula. Tembe hizi zitamfanya aende haja ndogo mara nyingi, asiziache kwa sababu ya usumbufu huo. Akianza kuhitaji mito mingi ili alale, au akilala ameketi, msingoje, mleteni.

Kisha akafunua shuka.

"Bonyeza hapa kwenye ugoko kwa kidole gumba. Shikilia kidogo, uachilie. Shimo likibaki, jua maji yamerudi. Haya, mama, jaribu."

Baba mkwe alikuwa ameshageuza uso ukutani. Mimi nilikuwa nikitazama dirisha.

"Nimeona," nikasema.

"Kuona si kubonyeza."

"Nimeelewa."

Hapo ndipo alipotambua. Akacheka kidogo, bila ubaya, akashusha shuka. "Mama, hapa hakuna chinsoni. Hapa ni wodi."

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Lakini mzee hakuwa anakwenda kuishi wodini.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, chinsoni ni zile heshima zenye mipaka baina ya watu fulani wa familia moja. Baba mkwe haingii nyumbani kwangu. Mimi naingia sebuleni kwake kupeleka chakula, lakini chumba chake cha kulala sikijui hata rangi ya ukuta wake. Hatushikani mikono. Siketi kwenye kiti chake. Mwili wake sio jambo la macho yangu, wala wangu sio jambo la mdomo wake. Mume wangu naye, ingawa ni mtoto aliyezaliwa na mzee huyo, haingii chumba hicho. Huu si uadui. Nimeishi katika boma hilo tangu nilipoolewa na sijawahi kusikia neno baya kutoka kwa mzee. Ni kwamba tunapendana kwa umbali, na umbali huo una vipimo vinavyojulikana.

Niliketi kando ya kitanda chake kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Mume wangu ni dereva wa lori na siku hizo alikuwa njia ya Malaba. Mama mkwe alikuwa na ng'ombe wa kukama na chai ya kuchuma, na alikuwa anaiogopa hospitali kiasi kwamba alipokuja mara moja alisimama mlangoni akaomba, akarudi stejini kupanda matatu. Mimi nina kibanda cha ushonaji sokoni Ikonge, nacho kinaweza kufungwa. Isitoshe, mimi ndiye "yule wa vitabu." Shule niliishia darasa la nane, na tangu hapo nimejisomea mwenyewe kwa utaratibu wangu: kamusi kwanza, kisha vitabu vya zamani vya biolojia nilivyonunua kwa wachuuzi wa Keroka, kisha simu. Nilipoambiwa moyo wa mzee umelegea, niliusoma moyo kama ninavyosoma mshono wa koti nisilolijua, kwa kuufumua kipande kwa kipande. Nilielewa mlango gani wa moyo unafunguka lini. Sikujua kwamba mlango utakaonishinda ni ule wa chumba cha baba mkwe.

Tulimrudisha nyumbani. Nilinunua mizani ya kusimamia, nikaiweka barazani penye sakafu ya saruji, kwa sababu ndani ya chumba singeweza kuiweka mwenyewe. Asubuhi ya kwanza baba mkwe alitoka akiwa amevaa koti lake zito, gumbutsi miguuni na kofia kichwani.

"Tata, muuguzi alisema nguo nyepesi," nikamwambia nikiangalia chini.

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mkewe aliyekuwa amesimama karibu naye. "Mwambie mokamwana kwamba kuna baridi."

Tata ni baba, na mokamwana ndilo neno letu la mke wa mwana. Mzee huniambia mambo mengi kwa njia hiyo, kupitia kwa mama mkwe, hata tukiwa tumesimama pamoja watatu.

Akapanda mizani. Niliandika namba iliyokuwa uzito wa mzee, wa koti, wa tochi iliyokuwa mfuko wa kulia na wa Biblia iliyokuwa mfuko wa kushoto. Kesho yake tochi haikuwemo. Siku iliyofuata udongo wa shambani ulikuwa umeganda kwenye gumbutsi. Mtu yeyote anayejua kupima ataelewa kero yangu. Nimetumia maisha yangu ya kazi kuwaambia wateja wavue sweta kabla sijawapima kifua, nao huvua. Huyu sikuweza kumwambia avue hata kofia.

Kisha kulikuwa na chai.

Mgonjwa akitoka hospitalini kwetu, watu huja kumwona. Huja majirani, huja wa kanisa, huja mashemeji wa Ogembo ambao hawajaonekana tangu mazishi ya mwisho. Wanakuja na mkate na sukari na soda, na mwenye nyumba anawapikia chai, na mgonjwa mwenyewe hunywa nao, maana kumtazama mgeni akinywa peke yake ni kumwambia aondoke. Kazi ya kumimina chai ni yangu. Nilimimina vikombe vya wageni hadi juu na cha mzee nikakifikisha nusu.

Mara ya kwanza hakuna aliyesema. Mara ya pili, jirani mmoja, mama wa kikundi chetu cha kuchuma chai, alinifuata jikoni.

"Wewe, fundi! Mzee wa watu unampimia chai kama kitambaa cha sare?"

"Daktari amesema apunguze vinywaji."

"Daktari yupi anakataza maji? Mtu akikauka si ndiyo kufa?"

"Maji yake hayatoki vizuri, yanabaki mwilini."

"Obe! Na mumeo yuko mbali, utasema nini akirudi akute baba yake ana kiu?"

Alisema kwa utani, na wenzake wakacheka, lakini nilipotoka na birika nilikuta kikombe cha mzee kimeshajazwa na mtu mwingine. Alikuwa akikinywa polepole akitazama mlangoni, kama mtu aliyerudishiwa haki yake. Mama mkwe alikuwa amefurahi. Sikuwa na la kufanya. Ningemnyang'anya baba mkwe kikombe mdomoni?

Chumvi nayo tuliipunguza kwa bidii, nami nikajisifu moyoni, mpaka nilipomkuta mama mkwe akitia magadi kwenye chungu cha chinsaga ili mboga ilainike. Nilimweleza kwamba magadi ni nduguye chumvi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akidai kwamba ng'ombe na mbuzi ni mnyama mmoja.

"Chumvi ni nyeupe na inatoka dukani kwenye pakiti," akasema. "Hii ni magadi."

Lakini hayo yote, koti na chai na magadi, ningeyavumilia kama ningejua hali ya miguu. Miguu ndiyo iliyokuwa na habari, na miguu ilikuwa ndani ya gumbutsi mchana na ndani ya blanketi usiku. Kila asubuhi nilisimama uani nikamuuliza mama mkwe, "Ameamkaje?" Naye akanijibu, "Buya mono." Vizuri sana. Nilitosheka na jibu hilo kwa muda ambao mpaka leo unaniudhi. Ukimuuliza mtu wa kwetu ameamkaje, atakujibu vizuri sana hata kama paa limeezuliwa na upepo, kwa sababu hiyo ni salamu, na salamu ina jibu lake. Mimi nilidhani napata ripoti.

Asubuhi moja nilimwona mzee akitoka zizini. Alisimama, akashika mwimo wa lango, akainamisha kichwa kama anayetafuta kitu chini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamwita mama mkwe. Tukamketisha, yaani yeye akamketisha nami nikavuta kiti. Nikauliza, na safari hii sikuuliza kwa salamu.

"Mama, analala wapi?"

"Kwenye kiti."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo. Akilala kitandani anasema anazama."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akashangaa kweli. "Nikuambie wewe namna mume wangu anavyolala?"

Alirudishwa wodi ileile, na maji mengi yakatolewa kwa dawa ya sindano. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho yenye uchovu, aliniuliza mbele ya watu, "Mama, si mlifundishwa?" Nikasema tulifundishwa. "Sasa shida ilikuwa nini?" Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu, naye alikuwa ameshageukia kitanda kingine. Kwenye faili yake nadhani aliandika kwamba familia haikufuata maagizo. Siwezi kusema ni uongo.

Mume wangu alifika kutoka safarini, akasimama kando ya kitanda cha baba yake mikono nyuma, akaniambia tukiwa korido, "Lakini wewe ndiye unayejua mambo haya."

"Kujua najua. Wewe unaweza kuingia chumbani kwake umtazame miguu?"

"Siwezi."

"Basi tuko sawa."

Alikaa mpaka jioni, akarudi kwenye lori lake.

Siku ya ruhusa ya pili ilipokaribia, nilifanya jambo ambalo mama mkwe alilikasirikia kwa wiki nzima: nilimwachia jirani ng'ombe na nikamleta mama mkwe mjini, nikamketisha kwenye kiti kando ya kitanda, mimi nikasimama mwisho wa kitanda. Muuguzi wa siku hiyo alikuwa mwanamke wa mtandio, mzaliwa wa mjini, wa zile familia za wenye maduka. Ekegusii alikiongea kama mtu wa sokoni, haraka na bila makosa. Nilimshukuru Mungu nilipomsikia. Lakini akaja moja kwa moja mpaka niliposimama, akaanza, kwa Kiswahili, "Mama, sikiliza vizuri safari hii."

"Mfundishe huyu," nikasema nikimwonyesha mama mkwe.

"Anasoma?"

"Hasomi. Lakini ndiye anayelala naye chumba kimoja."

"Wewe utamweleza nyumbani."

"Dada, kuna mambo siwezi kumweleza. Mgonjwa ni baba mkwe wangu."

Akanitazama, na nikaona ameelewa. "Hata kwetu mkwe ana mipaka," akasema kwa sauti ya chini. Akamgeukia mama mkwe na kuanza upya kwa Ekegusii. Alieleza vizuri, lakini alieleza kama mtu anayekimbia, kwa sababu aliitwa mara mbili kutoka mwisho wa wodi. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, mikono magotini, akijibu kila kitu "ee." Chumvi, ee. Maji, ee. Miguu, ee. Tembe za kukojoza, ee, na hapo akatazama sakafu. Muuguzi akaitwa mara ya tatu, akaenda.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza mama mkwe, "Muuguzi alisema nini?"

"Alisema tumshukuru Mungu."

"Na nini kingine?"

"Ana adabu, yule mtoto. Hakuniuliza kama nimesoma."



Ikabidi nimfundishe mwenyewe. Hapo nikagundua kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu changu chochote. Kwa Kiswahili nilikuwa nimetamka mkojo wa baba mkwe wangu mbele ya wauguzi na madaktari bila haya yoyote. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi, ya sokoni na watu wa mbali. Mtu huweza kusema ndani yake mambo mengi yasiyogusa nyumba yake. Lakini mama mkwe hasikii Kiswahili vya kutosha, na nilipofungua mdomo kusema jambo lilelile kwa Ekegusii, jikoni kwake, mdomo ulikataa. Nilisema "ile kazi ya tembe." Akauliza kazi gani. Nikasema "ya kutoka nje." Akasema mzee hatoki nje, kuna baridi. Tulizunguka hivyo mpaka ugali ukaungua. Labda ndiyo sababu hata haya nayaandika kwa Kiswahili. Kwa lugha yetu nisingefika ukurasa wa pili.

Nilipoona maneno hayafiki, nilirudi kwenye kazi ninayoijua. Nilichukua kipande cha utepe imara, ule tunaoushonea kwenye kiuno cha sketi, nikakaa nao kwenye cherehani, kisha nikamwendea mama mkwe jikoni. Mzee alikuwa ametoka hospitalini miguu ikiwa imekonda, kwa hiyo huo ndio ulikuwa wakati wa kupata kipimo.

"Mama, mzungushie utepe huu juu ya kifundo cha mguu. Usikaze, usilegeze. Mahali ncha inapogusa utepe, shika kwa kidole uniletee."

"Kifundo cha nani?"

"Unajua ni cha nani."

Nikajifunga utepe mguuni mwangu mwenyewe ili aone. Akautazama, akautazama mguu wangu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mokamwana, sasa unamshonea mzee soksi!"

Lakini akaenda. Nikawasikia kupitia ukutani. Sauti ya mzee ilipanda.

"Ni nini hicho?"

"Nyamaza, ni dawa."

"Dawa ya kamba? Mimi ni fahali wa kupimwa kwa kamba ndipo auzwe?"

"Nani atakununua na umri huo? Toa mguu."

Akarudi akishika utepe kwa vidole viwili kama aliyeshika nyoka aliyekufa. Nikashona uzi mwekundu mahali alipokuwa ameshika, nikaupitisha mara nyingi ili autambue hata kwa kugusa gizani. Nikamwambia: ncha ikifika kwenye uzi mwekundu, ni vizuri. Isipofika, maji yamerudi. Hakuna haja ya kuniambia neno. Siku isipofika, tundika utepe kwenye kamba ya kuanikia nguo, ile iliyo kati ya nyumba yenu na yangu, nami nitauona.

Siwezi kudai kwamba nilikuwa na uhakika. Kupima mguu kwa utepe ni njia duni kuliko mizani, na mizani ni njia duni kuliko macho ya mtu anayejua. Nilijua pia kwamba maji yanaweza kuingia kwenye mapafu kabla miguu haijavimba. Nilikuwa nimesoma. Lakini nilikuwa na mama mkwe, utepe na kamba ya nguo, na kwa upande mwingine nilikuwa na maelezo kamili yasiyoweza kuvuka mlango. Nikachagua kinachovuka.

Kamba ikabaki tupu kwa muda mrefu. Kila asubuhi niliitazama kabla ya kuwasha moto. Kisha wa kanisa wakapanga ibada ya shukrani, Sabato alasiri, kwa sababu mzee amerudi kutoka hospitalini mara mbili na ni mzee wa kanisa. Nilimwomba mama mkwe wageni wapewe chakula chao na mzee apikiwe chake. Alikubali. Lakini siku yenyewe akina mama walikuja na masufuria yao, mchuzi wa kuku wenye chumvi na viungo vya pakiti, na soda, na yule jirani wa kikundi chetu akamwekea mzee sahani kwa mikono yake mwenyewe.

"Leo usituletee mambo ya kupima," akaniambia akipita. "Leo ni ya Mungu."

"Mungu ndiye aliyeumba figo," nikajibu.

"Basi atazitunza."

Kwaya ikaimba. Mzee alisimama akatoa shukrani ndefu, akataja madaktari, akataja wauguzi, akataja maombi ya kanisa. Mkewe alimtaja mwisho. Mimi hakunitaja, na hakupaswa. Alikula akamaliza sahani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, na sijui kama nimewahi kukasirika hivyo nikiwa katikati ya watu wenye furaha ya kweli. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanampenda, na walikuwa wanamjaza maji.

Siku chache baadaye kamba ilijaa nguo. Mama mkwe alikuwa amefua: mashuka, gauni lake la kanisa, mashati ya mzee, vitambaa vya viti. Nilitazama nikaona ni siku ya kufua, nikaenda kuwasha moto. Nilikuwa nimeshapuliza moshi wa kwanza nilipohisi nimesahau jambo fulani, kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango. Nikarudi nje. Kati ya shati na kitambaa, umebanwa vizuri kwa kibanio chake, ulikuwepo utepe.

"Mama!" nikaita. "Umeuanika au umeutundika?"

Akatoka na beseni. "Vyote viwili. Ulikuwa na jasho, nikaufua. Na haufiki."

"Haufiki kiasi gani?"

Akaonyesha upana wa vidole vyake viwili. Nikaelekea nyumbani kwao.

Mzee alikuwa sebuleni kwenye kiti chake. Mlango ulikuwa wazi, nami nilisimama uani, pembeni, mahali nisipomwona. Mama mkwe akasimama kizingitini kati yetu.

"Mwambie Tata inafaa twende kliniki leo," nikasema.

"Mokamwana anasema mwende kliniki leo."

"Nimesikia. Mwambie sijambo."

"Anasema hajambo."

"Muulize usiku amelala wapi."

Mama mkwe alisita. Akatazama ndani, akanitazama mimi, akatazama tena ndani. Kisha akajibu mwenyewe, kwa sauti ambayo haikuwa ya kupeleka ujumbe. "Kitandani. Lakini kwa mito mitatu, na mmoja ni wangu."

 Nikasikia mzee akipumua, pumzi fupi zisizofika mbali.

"Wewe mwanamke," akasema hatimaye, "unatoa mambo ya chumba nje?"

"Nimechoka kulala bila mto," mama mkwe akamjibu.

Sijui kama alikasirika au alitaka kucheka, kwa sababu sikumwona. Nilimsikia akikohoa. Kisha akasema, "Mwambie mokamwana nitaenda. Lakini habari za miguu yangu asizitangaze kwenye gari."

Tulikodi gari la jirani, mzee mbele, sisi wawili nyuma, na habari za miguu hazikutangazwa. Kwenye kliniki ya moyo hawakumlaza. Daktari alisikiliza mapafu, akasema bado ni mapema, akaongeza tembe za maji na kutupa siku ya kurudi. Hilo lilikuwa ndilo jambo lote nililokuwa nikilitafuta tangu siku ya kwanza: afike kabla ya kuzama. Sikusikia furaha niliyoitarajia. Nilikuwa nikifikiria ile sahani ya mchuzi, na Sabato zote zinazokuja.

Kisha tukapelekwa chumba cha mafunzo. Alikuwepo muuguzi nisiyemjua, mwenye karatasi zenye picha za moyo. Akatutazama watatu, macho yake yakanichagua mimi, kama wote wanavyonichagua, kwa sababu nina miwani na nimeshika faili.

"Mama, wewe ndiye binti yake?"

Kabla sijafungua mdomo, baba mkwe akajibu kwa Kiswahili chake cha shida, akimtazama muuguzi moja kwa moja. "Huyo ni mke ya mtoto yangu. Huyo ni wa kusimama nje. Fundisha huyu." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

Nikampa muuguzi faili, nikatoka. Mlango ukafungwa. Nikasimama korido karibu na ukuta, na kwa muda nilisikia mama mkwe akisema "ee," kisha "ee," kisha tena "ee," nami nikaegemea ukuta nikafumba macho, maana nilijua ee hizo zina thamani gani.

Halafu sauti yake ikabadilika. Alikuwa akiuliza kitu. Lilikuwa swali refu, lenye mkono ndani yake, nadhani alikuwa akionyesha upana wa vidole. Mzee akasema jambo, mama mkwe akamnyamazisha, muuguzi akaanza kujibu.

Jibu sikulisikia. Mlango ule ulikuwa mzito, na sauti ya muuguzi ilikuwa ya chini. Tulipofika nyumbani nilimuuliza mama mkwe aliuliza nini na akajibiwa nini.

"Mambo ya chumbani," akasema, akaingia ndani na utepe.